Hatamu za Kinga katika Mwili wa Samaki

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Halmashauri imenitaka niseme maneno machache juu ya maradhi ya samaki, nami nimeitika kwa furaha. Katika mikutano ya vyama vya msingi liko swali moja lisilokosa kuulizwa. Ng'ombe akiugua kuna sindano. Kahawa ikishikwa na ukungu kuna dawa ya kunyunyiza. Pamba ikiingiliwa na wadudu kadhalika. Basi kwa nini samaki wafapo kwa virusi hapana chupa ya dawa ambayo mfugaji aweza kuinunua ghalani? Swali hili ni la haki, na aliulizaye aghalabu ni mtu aliyepoteza fedha. Laiti jibu lake lingalikuwa fupi, ningalilitoa kwa dakika mbili nikaketi. Lakini jibu la kweli lataka tuingie ndani ya mwili wa samaki, mpaka mahali ambapo darubini ya kawaida haipaoni, maana huko ndiko ziliko hatamu za kinga yake. Nawaomba subira.

Katika lugha yetu neno kinga lina maana mbili. Kwanza ni kitu kimkingacho mtu na madhara. Pili ni kijinga cha moto, kama wazee wasemavyo: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wataalamu wa elimu ya viumbe hawakuwa na habari ya Kiswahili walipoanza kuchunguza kinga ya mwili, walakini walilolikuta lafanana na maana zote mbili kwa pamoja. Kinga ya samaki ni moto unaowashwa ili kumfukuza adui. Na moto usio na wa kuuzuia huiteketeza nyumba ile ile uliyowashwa ili kuilinda. Tafadhali mlikumbuke jambo hili, kwa kuwa habari yote nitakayoisema yazunguka hapo.

Ngome ya kwanza ya samaki ni ule ute unaotuteleza mikononi. Ute ukikwaruzwa kwa wavu mkavu au kwa kumshika samaki ovyo, mlango umefunguliwa. Kirusi kikiisha kuupita mlango huo, au kikiingia kwa njia ya matamvua, hutafuta seli, yaani zile chembe hai ziujengazo mwili. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Lazima kiingie katika seli na kuishurutisha ikitengenezee watoto. Lakini seli haikubali kimya kimya. Ndani yake mna protini zifanyazo kazi ya walinzi wa usiku. Zikigusa kitu kigeni, hupokezana habari moja hata nyingine, kama watu wapokezanavyo ndoo za maji, mpaka habari ifike katika kiini cha seli. Hapo seli hupiga mbiu. Mbiu hiyo huitwa interferoni, na seli za jirani zikiisha kuisikia hufunga milango na kutayarisha silaha kabla kirusi hakijazifikia.

Hayo hutendeka katika muda wa saa na siku chache. Zile kingamwili maalumu, ambazo humtambua adui mmoja kama mtu atambuavyo uso wa jirani yake, huchukua majuma, na katika maji ya baridi huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu samaki hana joto lake mwenyewe bali joto lake ni lile la maji aliyomo. Kwa hiyo kifaranga cha samaki kilichoshikwa na kirusi kikali huishi au hufa kwa nguvu ya mbiu ile ya kwanza.

Sasa fikirini mbiu ipigwe bila kukoma. Seli zingejiua kwa wingi, mishipa ingevimba, ini na figo zingeharibika, na samaki angekufa kwa kinga yake mwenyewe hata baada ya kirusi kwisha. Lazima awepo wa kusema: imetosha. Nani asemaye hivyo?

Hapa ndipo iingiapo habari ya RNA. Kila mjumbe aijua ofisi ya Chama Kikuu. Daftari kuu hukaa ndani ya kabati la chuma wala halitolewi nje. Katibu atakapo jambo litendeke ghalani, karani huunakili ukurasa unaohusika, na nakala hiyo ndiyo ipelekwayo kwa mtunza ghala. Seli nayo ina daftari kuu, ambalo ni DNA, limehifadhiwa katika kiini. Nakala zitolewazo huitwa RNA, na ile ichukuayo maagizo huitwa RNA mjumbe. Nje ya kiini wako mafundi waisomao nakala na kutengeneza protini kama ilivyoandikwa: protini ya walinzi, protini ya wapiga mbiu, na nyingine nyingi. Kwa muda mrefu wataalamu walishika kwamba kazi za RNA ni hizo za kuchukua maagizo na kuwasaidia mafundi.

Mwaka 1993, huko Marekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, pamoja na wenzao, walitangaza jambo la ajabu walilolikuta katika mnyoo mdogo ambaye urefu wake ni kama milimita moja. Walikuta kipande cha RNA kifupi mno, chenye herufi 22 hivi, kisichotengeneza protini yoyote. Kazi yake ilikuwa kujibandika juu ya nakala fulani ya RNA mjumbe, na nakala ile ikashindwa kufanyiwa kazi. Wengi waliliona ni jambo la mnyoo tu. Mwaka 2000 kikapatikana kipande cha pili, na mara ikaonekana kwamba hicho kimo pia katika wanyama wengi, samaki na mwanadamu wakiwamo. Leo vipande vya namna hii vyajulikana kwa maelfu, navyo vyaitwa maikro-RNA. Mwaka 2024 Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo, yaani miaka 31 baada ya kuutangaza. Wako watu waulizao kwa dharau mnyoo una faida gani kwa mkulima. Nami huwaambia wangoje hotuba ifike mwisho.

Maikro-RNA haianzi ikiwa fupi. Hunakiliwa kutoka daftari kuu ikiwa uzi mrefu uliojikunja. Ndani ya kiini uzi huo hukatwa hata zikabaki herufi kama 70. Kisha hutolewa nje, na huko kimeng'enya kiitwacho Dicer huukata tena, kikabaki kipande kile cha herufi 22. Protini nyingine, iitwayo Argonaute, hukibeba kipande hicho na kuzipitia nakala zilizoko, moja baada ya moja. Wala si lazima herufi zote zilingane. Zikilingana herufi chache za mwanzo, tangu ya pili hata ya nane, mara nyingi yatosha. Ndiyo sababu kipande kimoja chaweza kuzizuia nakala za aina nyingi, pengine mamia. Hapa mfano wangu wa ofisi waanza kuchechemea, maana hapana katibu ambaye angeruhusu kikaratasi kimoja kizuie hati mia mbili. Lakini mwili hufanya hivyo, na hufanya kwa kipimo: aghalabu haufungi kabisa, hupunguza tu. Kwa hiyo nasema hatamu, sisemi kufuli.

Ili tusizungumze hewani, nitaifuata maikro-RNA moja iliyoandikwa katika daftari za wataalamu kwa nambari 731. Habari yake kwa upande wa maradhi yatupeleka Denmark.

Nchi hiyo si ngeni kwa wanaushirika. Huko Hjedding, upande wa magharibi wa Jutland, wakulima walianzisha mwaka 1882 kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika katika Denmark, na mfano wao ukaenea nchi nzima. Katika Jutland hiyo hiyo kuna kijiji kiitwacho Egtved, ambacho jina lake, bila ya kosa la wenyeji, lilipewa ugonjwa wa samaki. Huko hufugwa trauti, samaki wa maji ya baridi ambaye wenzetu wa mito ya Mlima Kenya wanamjua. Ugonjwa wa Egtved, ambao kwa kitaalamu huitwa VHS, humfanya trauti awe mweusi, macho yamtoke, matamvua yapauke, na damu ivuje ndani ya nyama. Kirusi chake kilikuzwa katika maabara mwanzoni mwa miaka ya 1960. Niseme mapema ili nisiwatie hofu bure: ugonjwa huu ni wa maji ya baridi, na maji yapitapo nyuzi 15 za Selsiasi nguvu yake hupungua sana. Sato na perege wetu hawaujui. Nautaja kwa ajili ya elimu iliyotokana nao.

Mwaka 2015 wataalamu wa Denmark, pamoja na wenzao, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa trauti walioambukizwa kirusi hicho kwa makusudi. Walipima maikro-RNA nyingi kwa mara moja ili kuona zipi zimeongezeka. Mbili ziliongezeka sana kuliko kawaida, nazo ni nambari 462 na nambari 731, ambazo katika daftari kuu zimeandikwa jirani. Hizi zajulikana kwa samaki wenye mifupa tu. Mwanadamu anazo ndugu zake, zenye nambari 191 na 425. Lakini wataalamu walipozitia seli za mwanadamu kitu kinachofanana na RNA ya virusi, zile ndugu hazikushtuka. Seli za samaki zilipotiwa kitu hicho hicho, 462 na 731 ziliinuka. Kwa hiyo samaki amezifundisha kazi ambayo sisi hatukuzifundisha. Katika uchunguzi mwingine wa wakati ule ule ilionekana kwamba maikro-RNA hizo mbili huinuka pia katika nyama ya trauti aliyechomwa chanjo ya DNA dhidi ya VHS, chanjo ambayo humlinda katika siku chache tu, kabla kingamwili maalumu hazijawa tayari.

Hadi hapo mtu angeweza kusema: vema, basi 731 ni askari wa samaki, na tuiongeze, samaki wapone. Nimewahi kusikia watu wenye elimu wakisema hivyo. Lakini ngojeni.

Mwaka uliofuata, 2016, wataalamu wa China walitangaza habari ya samaki mwingine, yule samaki bapa wa baharini afugwaye China, Japani na Korea. Walimwambukiza kirusi cha jamii iitwayo megalositivirusi, na wakaona 731 yainuka, kama kule Denmark. Kisha wakauliza: inainuka kwa faida ya nani? Walipochunguza nakala zinazozuiwa nayo, walizikuta mbili zenye maana kubwa. Moja ni ya protini IRF7, ambayo ni katika wakuu wa kuamuru interferoni itolewe. Tuseme ndiye mwenye kushika baragumu. Nyingine ni ya protini p53, ambayo huamuru seli iliyoharibika isimame isizaane, au ijiue ili jirani zake wapone. 731 huzipunguza zote mbili. Mbiu hufifia, na seli ambayo ingejitoa mhanga huendelea kuishi na kukizalisha kirusi. Wataalamu walipoizuia 731, kirusi kilipungua; walipoiongeza, kirusi kikastawi katika siku za mwanzo.

Maana yake nini? Mwili wa samaki ulijitengenezea hatamu ili moto wa kinga usimteketeze. Kirusi hakikuleta hatamu mpya. Kilizikuta zimening'inia, kikazishika. Nionavyo mimi hili ni jambo kubwa kuliko yote niliyosoma katika elimu hii, maana ladhihirisha kwamba kitu kile kile ni cha lazima kwa uzima na ni mlango wa maangamizi, na tofauti iko katika wakati na kipimo.

Wala si 731 peke yake. Katika samaki mwingine wa bahari ya China, aitwaye kwa kitaalamu Miichthys miiuy, ilionekana mwaka 2018 kwamba kirusi huinua maikro-RNA nambari 3570, nayo huipunguza protini MAVS, ambayo ni kiungo cha katikati katika ule mnyororo wa kupokezana habari. Hata kwa bakteria yako mambo ya namna hii: katika yule samaki mdogo wa maabara mwenye milia, maikro-RNA za jamii ya 146 huinuka aambukizwapo, nazo hushika hatamu za uvimbe. Sitaeleza zaidi, kwa kuwa saa inakwenda na chakula kinanukia.

Jambo moja tu nitaliongeza, kwa sababu lahusu kazi yetu ya kila siku. Katika samaki huyo huyo mwenye milia, wataalamu wa China walionyesha mwaka 2015 kwamba 462 na 731 huinuka pia anapokosa hewa ya oksijeni katika maji. Hakuna virusi, hewa tu imepungua. Haijathibitishwa kwamba mambo ni hayo hayo kwa sato, nami sitaki kusema zaidi ya yaliyothibitishwa. Lakini mfugaji ambaye huamka alfajiri akawakuta samaki wake wakihema juu ya maji, kwa kuwa amewajaza kizimbani kupita kiasi, yafaa ajue kwamba huenda anazivuta hatamu zile zile ambazo kirusi huzivuta.

Sasa turudi barani kwetu. Mwishoni mwa mwaka 2018 samaki walianza kufa kwa wingi katika vizimba vya Ziwa Volta, nchini Ghana. Walikuwa sato, samaki wetu kabisa. Waligeuka rangi wakawa weusi, wakaogelea kama walevi, matumbo yakavimba kwa maji. Yako mashamba yaliyopoteza zaidi ya nusu ya mazao. Uchunguzi ulionyesha kirusi kiitwacho ISKNV, na kirusi hicho ni cha jamii ya megalositivirusi, yaani ni ndugu wa kile kilichozishika hatamu za samaki bapa kule China. Ndiyo maana niliwaomba subira tulipokuwa tukisafiri mbali.

Kiko na cha pili. Huko Israeli, sato na jamaa zake walianza kufa tangu mwaka 2009, na mwaka 2014 kirusi chake kikaelezwa, kikaitwa kirusi cha ziwa cha tilapia, au kwa ufupi TiLV. Daftari lake si DNA bali ni RNA, katika vipande kumi. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa sato wa Ziwa Viktoria, wa kufugwa na wa mwituni, kutoka pande za Uganda na Tanzania, na alama za kirusi hicho zilionekana katika baadhi yao. Kuonekana kwa alama si sawa na kuzuka kwa maradhi, wala sisemi kwamba ziwa limeoza. Nasema adui si wa kusimuliwa tena; kwake na kwetu ni ziwa moja.

Basi nalijibu lile swali la chupa ya dawa. Dawa za bakteria humpiga adui aliye nje ya seli, au aliye na mwili wake mwenyewe. Kirusi kimejificha ndani ya seli na chatumia vyombo vya mwenye nyumba. Wataalamu waweza kweli kutengeneza vipande vya kuizuia maikro-RNA; wamevitengeneza, na katika matangi ya maabara vimefanya kazi. Lakini kila samaki huchomwa sindano, na vipande hivyo ni vya gharama. RNA tupu ikitupwa majini au ikiliwa pamoja na chakula huharibiwa upesi na vimeng'enya vilivyojaa kila mahali. Na hata ingalifika salama, kumbukeni kwamba maikro-RNA moja yazuia nakala za aina nyingi. Atakayeziachilia hatamu za kinga yote bila kujua kipimo huenda akaokoa samaki na kirusi, akamwua kwa moto.

Kwa hiyo, Waweka Hazina, nasema nanyi kwa jina la kazi yenu. Akija mtu na gari zuri na karatasi zenye picha, akisema anauza unga wa RNA wa kunyunyiza bwawani ili samaki wapate kinga, mpeni kiti na chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni; hundi msimwandikie. Elimu hii ni ya kweli, na iko siku itazaa matunda: huenda kwa kupima damu ya samaki na kujua ameambukizwa kabla hajaonyesha dalili, huenda kwa kuchagua chanjo iliyo bora, huenda kwa kuchagua mbegu yenye mbiu kali na hatamu njema. Lakini leo haijafika ghalani.

Tena Wadenmark walishindaje? Swali hili ndilo lililonifanya niichague habari ya nchi ile. Chanjo ya DNA niliyoitaja ilifanya kazi vizuri katika majaribio, ila siyo iliyoumaliza ugonjwa wa Egtved. Tangu mwaka 1965 serikali na wafugaji wa trauti walishika njia nyingine, ngumu na isiyopendeza. Shamba lililoambukizwa lilitolewa samaki wote, maji yakakaushwa, mabwawa yakasafishwa kwa dawa, likaachwa tupu kwa muda. Ndipo likarudishiwa vifaranga kutoka shamba lililothibitishwa kuwa safi, na hao tu. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka arobaini. Mwishoni, mwaka 2009, katika mito iliyobaki na ugonjwa, mashamba yaliachwa matupu kwa wakati mmoja, wa juu na wa chini pamoja. Mwaka huo ndio uliokuwa wa mwisho kuonekana VHS katika nchi ile, na mwaka 2013 Denmark ikatambuliwa rasmi kuwa imesafika.

Zingatieni maneno hayo: kwa wakati mmoja. Mtu wa chini akisafisha bwawa lake leo, na wa juu yake akasafisha mwakani, maji yatamrudishia wa chini kile alichokifukuza. Hapana mfugaji, awe tajiri namna gani, awezaye kulitenda jambo hili peke yake. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao, nao hawakuwa wameona vizimba vilivyopangwa hatua thelathini mbalimbali katika ghuba moja.

Lakini liko jambo chungu ambalo halisemwi sana katika sherehe, nami naomba radhi kulisema leo. Samaki wakianza kufa, mwanachama mwenye deni la vizimba na chakula hana sababu ya kutangaza. Akitangaza, wanunuzi watamkimbia. Akinyamaza, atauza waliobaki usiku na kulipa sehemu ya deni. Tumlaumu? Mimi simlaumu kwa wepesi. Mtu huyo amepewa kuchagua kati ya uaminifu na ada za watoto wake. Kwa hiyo naiomba Halmashauri, katika bajeti itakayojadiliwa alasiri, itenge akiba ya kumfidia mwanachama anayetoa habari siku ile ile na kukubali vizimba vyake vifungwe. Najua wako wajumbe watakaosema fedha hiyo ingenunua gari la pili. Gari la pili litabeba nini, ikiwa ghuba imefungwa?

Na vifaranga vinunuliwavyo nje ya eneo letu visimwagwe ziwani siku vifikapo. Viwekwe mahali pa peke yake, katika matangi ambayo maji yake hayarudi ziwani, vikiangaliwa kwa muda atakaoagiza Bwana Samaki wa wilaya, na baadhi yao wapelekwe maabara. Nyavu na ndoo za mahali hapo zisitoke hapo. Haya ni mambo madogo na yanachosha, nami sina mapya zaidi ya hayo.

Nimalizie kwa jambo la kutenda, ambalo makatibu wengi wameniuliza. RNA huharibika upesi mno baada ya samaki kufa, hasa katika joto letu. Samaki aliyeelea tangu jana, aliyevimba na kunuka, hawezi kumwambia mtaalamu lolote la kuaminika. Mtapeleka uvundo na kurudishiwa karatasi isiyo na jibu, kisha mtasema maabara hazifai. Chagueni samaki watano au sita walio hai bado lakini wanaonyesha dalili, wenye rangi iliyogeuka au waogeleao upande. Wapelekeni wakiwa hai ikiwa maabara iko karibu. Ikiwa ni mbali, waueni papo hapo, muwatie katika mfuko safi na kuwafunika kwa barafu nyingi, nao wafike siku hiyo hiyo. Ikiwa barafu hakuna, kateni kwa kisu safi vipande vya ini, bandama na figo, kila kipande kisizidi punje ya harage, mvitie katika chupa ndogo yenye spiriti kali ya maabara, spiriti iwe mara kumi ya vipande. Andikeni kwa penseli, maana spiriti hufuta wino: jina la ghuba, tarehe, saa, joto la maji, idadi ya waliokufa, na vifaranga vilitoka wapi. Chupa hizo zitakuwako katika ghala la Chama Kikuu kuanzia Jumatatu, na kila chama cha msingi kitapewa kumi bila malipo. Katibu aje na muhuri wake atie sahihi.